Makofi Matatu

Ngeleja alimuua baba yangu siku ya mnada, saa nne asubuhi, kwa pigo moja la rungu. Watu zaidi ya mia walishuhudia. Baadaye mimi ndiye niliyemwokoa Ngeleja huyo, na humo humo katika kumwokoa kuna wakati nilitaka afe. Wanaonisifu hapa Sumbawanga wanaijua nusu ya kwanza tu. Naandika kwa sababu nimechoka kusifiwa.

Jina langu ni Coleta, nesi wa kliniki ya macho, mzaliwa wa Milanzi. Lakini habari hii ni ya Ngeleja, kwa hiyo nianze naye.

Alitoka Usukumani mwaka themanini na sita, malisho ya kwao yalipokwisha, akaja Ufipa akiswaga ng'ombe wa baba yake. Akajenga mbele kidogo ya Milanzi. Alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, hanywi pombe. Sisi wenyeji tuliwatazama wageni wale kwa jicho baya, maana ng'ombe hajui mpaka wa shamba la mtu, na mara mbili tatu watu walitoana damu kwa ajili ya maharage yaliyokanyagwa. Kisha biashara ikafunguliwa. Kila mwenye kibunda cha fedha akawa mfanyabiashara wa ng'ombe, malori yakaanza kupakia mifugo kwenda mbali, na wezi nao wakaja, wengine na bunduki zilizovuka ziwa kutoka kwenye vita vya ng'ambo. Hapo ndipo Mfipa na Msukuma walipopatana. Wakaunda sungusungu, Ngeleja akawa kamanda.

Wezi aliowapiga niliwashona mimi, miaka ile nikiwa bado chumba cha vidonda. Aliletwa mmoja ameshika meno yake sita kiganjani, ananionyesha kana kwamba ningeweza kuyarudisha. Mwingine magoti yote mawili yalikuwa yamesagika. Nilimuuliza Ngeleja kama hana huruma. Akasema, "Dada Coleta, mimi napiga miguu ili wewe upate wa kumtibu. Raia wakimpata kabla yangu wanamtia tairi na mafuta ya taa." Na kweli, waliotiwa tairi hawakuletwa kwangu. Wazee walimpenda sana, baba yangu mmojawapo.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mtu huyu alikuwa anakua. Si kunenepa, kukua, na umri wake umeshapita thelathini. Fundi Alois wa mtaa wa Chanji, anayeshona makatambuga ya matairi, ana desturi ya kuchora nyayo za wateja wake wa kudumu kwenye maboksi, akaandika jina na mwaka, akatundika ukutani, ili mtu wa mbali aagize tu bila kuja. Nyayo za Ngeleja zilikuwa tatu, na kila wa karibuni uliuzidi uliotangulia. Pete ya ndoa Alois aliikata kwa tupa. Taya likatokeza mbele, meno yakaachana, sauti ikashuka kama inatoka kisimani. Kichwa kilimuuma hata akakifunga kitambaa kutwa. Watu walisema ni maziwa, wengine wakasema ni dawa ya ukamanda. Yeye alicheka, akaagiza makatambuga makubwa zaidi.

Halafu akaanza kugonga miimo ya milango. Akamkanyaga ndama aliyelala pembeni ya njia. Na ukimjia ubavuni ghafla, anapiga. Alimvunja mbavu kijana wake mwenyewe aliyekuja kumpa taarifa. Mkewe Debora akajifunza kukohoa akiwa mbali na kuja kwa mbele. Vijana nao wakajifunza. Na kwa kuwa alikuwa kamanda, ile tahadhari ikageuka heshima: ikatangazwa kwamba kamanda hajiwi ubavuni, anajiwa kwa mbele, mtu asimame hatua kumi, aite. Wakaipenda sheria ile. Wageni wakaiona na kusema, tazama Wasukuma wanavyojua kumheshimu mkubwa wao! Hakuna aliyejiuliza kama mkubwa mwenyewe anaona. Hata Ngeleja aliamini wenzake wanamtukuza tu.

Mwezi wa sita mwaka tisini na tisa wezi walimvizia, mmoja akampiga ubapa wa panga kichwani kutoka kushoto. Hakumwona kabisa. Toka siku ile akaapa kwamba chochote kitakacholia pembeni yake kitapigwa kwanza na kuulizwa jina baadaye.

Mwezi wa nane aliwapata maksai wawili wa baba yangu, waliokuwa wameibwa pamoja na plau lao.

Baba, Mzee Maximilian, alikuwa fundi wa nira na mikokoteni, mtu wa adabu za zamani. Kwetu Ufipa shukrani kubwa haitoki mdomoni tu. Unachuchumaa, unakunja viganja, unapiga makofi taratibu, na hata mzee humfanyia mdogo wake akitendewa jambo la kumzidi. Baba akavaa koti lake la Jumapili, akaenda mnadani. Ngeleja alikuwa amesimama kwenye lango la ng'ombe, anatazama wanyama wakipita. Baba hakutaka kumkatiza mbele ya watu. Akamwendea kwa ubavu, kwa unyenyekevu, akachuchumaa karibu na mguu wake wa kushoto, akapiga kofi la kwanza.

La pili halikusikika. Rungu lilizunguka na mkono mzima, likampata baba juu ya sikio. Niliambiwa kofia yake iliruka hadi zizini, ng'ombe wakaikanyaga. Ngeleja aliinama kumtazama adui yake, akaona ni nani, akalia kwa sauti iliyofanya ng'ombe wavunje uzio. Baba alikufa saa nane mchana, hospitalini, kwenye kitanda nilichokuwa nimekitandika mimi asubuhi, akitoka damu puani na masikioni.

Yaliyofuata sitayapamba. Kaka yangu Zenon alikusanya vijana, jua likiwa bado liko juu, wakaichoma kaya ya Ngeleja. Walikata mishipa ya miguu ya nyuma ya ng'ombe kumi na mmoja, wakawaacha wakijikokota kwa magoti ya mbele. Mchungaji wao, Amos, alichomwa mkuki wa paja, mguu ukaoza, ukakatwa. Wasukuma nao wakajibu. Zenon alipigwa mshale wa bega. Kwa siku nne harufu ya nyama iliyoungua ilifika hadi kanisani. Polisi walipokuja na mabomu ya machozi, hakukuwa na aliyebaki na haki ya kulaumu. Nami nilifurahi. Nilipoambiwa Debora amekimbia na kanga moja, nilisema afadhali.

Ngeleja alijisalimisha mwenyewe polisi siku ile ile, akashitakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mashahidi wote walisema kweli: mzee kachuchumaa anashukuru, jitu limempiga. Kila mtu aliiona kamba ya kunyongea.

Wiki ya tatu askari wakamleta kliniki kwangu. Mahabusu wenzake walikuwa wanampiga kutoka pembeni, kwa zamu, kwa mchezo, maana walishagundua hajikingi. Jicho moja lilikuwa limevimba, limebaki ufa tu. Pingu hazikumtosha, walimfunga kamba ya katani. Aliponitambua alitazama chini, akasema, "Shikamoo, dada." Mtu aliyenizidi miaka saba ananipa shikamoo. Sikuitikia.

Nikachovya pamba kwenye spiriti. Nasema ukweli: nilikusudia kumtia kwenye kidonda kwa nguvu. Nikapeleka mkono kutoka pembeni ili asijiandae. Pamba ikafika karibu kabisa na jicho lake zima, na jitu lile halikupepesa. Mtu yeyote hupepesa. Nikarudisha mkono, nikaleta kidole kutoka kulia, nikakisogeza polepole, nikimwambia aseme akikiona. Alisema kilipofika karibu na pua. Kutoka kushoto vile vile. Nikaziba jicho hili, nikaziba lile. Nje kote giza, katikati nuru, sawa na mtu anayechungulia kwenye bomba. Chuoni mwalimu wetu alitufundisha jambo hilo mara moja tu, akasema hatutaliona maishani: ukiona hivyo, kuna kitu kinakua katikati ya kichwa, kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, kinabana mishipa ya macho inapopishana. Na tezi hiyo ndiyo inayokuza mikono na miguu.

Nikakumbuka maboksi ya Alois. Nikajua kila kitu nikiwa nimesimama na pamba mkononi, na nikakasirika vibaya. Nilikuwa na mtu wa kumchukia, na mtu huyo alikuwa ananyang'anywa kutoka kwangu.

Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Siku ya nne nilimwambia daktari, nikaenda kwa Alois, nikabeba maboksi matatu kwapani hadi mahakamani. Nilieleza, nikayapanga mezani mbele ya hakimu, mwaka juu ya mwaka. Zenon aliningoja nje. Alinipiga ngumi ya mdomo mbele ya karani na askari, jino likatoka, kisha akaniambia nimemuua baba mara ya pili. Sikulia. Nilimtemea damu ile kwenye shati.

Mashitaka yakapunguzwa yakawa ya kuua bila kukusudia. Akapewa dhamana, akapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha za kichwa, nami nikadhani yamenitoka.

Baada ya mwezi Debora akanijia nyumbani kwangu Chanji. Alikuwa amevaa kanga ya kuazima. Akanieleza walichoambiwa: uvimbe upo kwenye tezi, lakini ubavuni mwake, upande wa kulia, mshipa mkubwa wa damu upandao kutoka shingoni nao umetoa tumbo, kama mpira wa baiskeli unavyotokeza pale ulipochakaa. Uvimbe hutolewa kwa kupitia puani. Mpasuaji akigusa tumbo lile, mgonjwa anamwaga damu yote pale mezani. Na likiachwa litapasuka lenyewe. Kwa hiyo lazima mshipa utengenezwe kwanza, kutoka ndani, kwa waya unaoingizwa kwenye mshipa wa pajani na kupandishwa mpaka kichwani. Kazi hiyo inafanywa India. Ndugu zake wameuza mifugo iliyobaki.

"Anatakiwa nesi wa kumsindikiza, ajuaye Kiingereza," akasema. "Nimekuja kwako, mdogo wangu."

Nilimtukana. Nilimuuliza kama hana haya. Alisubiri nimalize.

"Wewe ulisema kweli ukiwa na uchungu," akajibu. "Nikimpa mwingine, sijui atasema nini huko. Wewe hutamdanganya."

Nilikubali. Nikawaambia watu ni wajibu wa kazi. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona Ngeleja akiogopa.

Tulifika India mwanzoni mwa mwaka elfu mbili. Daktari alikuwa mzee mfupi, mwenye subira. Alinieleza kwamba njia ya uhakika ni kuuziba mshipa ule kabisa, kama ubongo wa upande wa kulia utaweza kulishwa na mishipa mingine. Huwezi kujua mpaka ujaribu. Kwa hiyo atapandisha kipira kidogo, akijaze ndani ya mshipa, damu isimame kwa nusu saa, mgonjwa akiwa macho. Mgonjwa akibaki na nguvu zake, watauziba moja kwa moja. Akilegea, wataachia upesi. Yeye na wenzake watakuwa wanatazama skrini na shinikizo la damu. Kazi ya kumpima mgonjwa ni yangu, maana Kiswahili nakijua peke yangu mle ndani.

"Wewe ndiwe macho yangu," akaniambia. Hakujua alikuwa anazungumza na nani.

Ngeleja alilazwa chali, kichwa kimebanwa, kitambaa cha kijani kifuani, mikono huru. Nilisimama miguuni pake, mbele yake kabisa. Aliogopa, ndiyo. Jasho lilimchuruzika mpaka masikioni. Niliangalia woga ule nilioufuata kutoka Ufipa, na haukunishibisha.

Kipira kikajazwa. Nikamwambia ataje majina ya ng'ombe wake, akayataja. Nikamwambia ainue mikono, akainua. Kisha nikataka kitu cha kuitumia mikono yote miwili kwa pamoja, na sijui ni shetani gani aliyeniletea wazo lile. Nikasema, "Piga makofi. Kama tunavyopiga sisi. Kama alivyopiga baba."

Akakunja viganja vile vikubwa, akapiga, taratibu, kwa adabu. Dakika ya tano, ya nane, ya kumi. Kila kofi liliniingia kifuani. Dakika ya kumi na moja kiganja cha kushoto kilichelewa. Kikakosa mwenzake, kikagonga kidole gumba.

"Nesi," akasema. "Mkono unalegea."

Nilisikia. Daktari, macho kwenye skrini, akauliza anasema nini.

Nilinyamaza.

Akapiga tena, kiganja kikateleza. Hilo la kwanza. Akapiga tena, mkono ukapanda nusu. La pili. Nilikuwa naona kofia ya baba ikikanyagwa na ng'ombe. Nilijua kwamba nikisema "yuko sawa", maneno mawili tu, wataufunga mshipa ule, nusu ya mwili wake itakufa, na duniani hakuna atakayejua. Akapiga la tatu kwa mkono mmoja juu ya kifua chake mwenyewe, huku ananitazama.

Nikapiga kelele waachie. Nililia kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, nadhani na kwa Kifipa. Daktari akanyonya kipira mara moja. Baada ya dakika chache mkono wa Ngeleja ukaanza kurudi, vidole kimoja kimoja. Viwili vya mwisho havikurudi sawasawa. Daktari alisema hilo hutokea hata ukiachia papo hapo, akanishika bega, akanishukuru kwa umakini.

Ikabidi wafuate njia nyingine. Waliujaza ule uvimbe wa mshipa kwa waya laini zilizojikunja humo ndani kama donge la uzi, wakaacha damu ipite mahali pake. Baada ya wiki sita, tumbo la mshipa likiwa limeganda, mpasuaji akaingia puani, akatoa uvimbe wa tezi. Maumivu ya kichwa yakakoma. Nuru ya pembeni ikarudi kidogo, zaidi kulia. Mikono haikupungua, lakini haikuongezeka tena.

Mahakama ilimtia hatiani, ikamwachia kwa masharti kwa sababu ya ugonjwa. Ukamanda alikwisha kuuacha. Mitaani wakaanza kuniita nesi mtakatifu. Padri alinitaja kwenye mahubiri. Kila sifa iliniongezea kidonda, nikawa mkali hata kwa wagonjwa.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya ulezi, Ngeleja alikuja Milanzi kwenye kaburi la baba. Alikuja mchana, na Debora. Zenon alikuwa uani anachonga mpini kwa shoka. Alipowaona alisimama, na shoka likasimama naye. Nikasimama katikati yao nikijua kwamba nikisogea tu, tutazika tena.

Ngeleja hakuja kwa ubavu. Alisimama hatua kumi, kwa mbele, akakohoa. Kisha akachuchumaa kwa shida, mwili ule wote, akakunja viganja, akampigia baba makofi pale kaburini. Vidole viwili vya kushoto vilining'inia, na sauti haikuwa nzuri. Zenon akatema mate. "Hata kupiga makofi hajui," akasema.

Ngeleja alinigeukia. Alizungumza polepole, nisikie mimi.

"Nesi, siku ile nilikuambia mkono unalegea."

"Uliniambia."

"Ukanitazama."

"Ndiyo."

"Nilikuona vizuri. Pembeni ndiko nilikokuwa sioni. Wewe ulikuwa mbele."

Mwaka mzima nilikuwa nimefikiri kwamba ninayejua ni mimi na Mungu. Nikamuuliza mbona hakunisema, kwa daktari, kwa mkewe, kwa mtu yeyote.

"Nilihesabu," akasema. "Yalikuwa matatu, halafu ukaita. Mimi baba yako sikumngoja hata la pili."

Nikachuchumaa mbele yake. Nikakunja viganja, nikapiga, taratibu, kama nilivyofundishwa na baba nikiwa mtoto. Zenon alitukana, akachukua shoka lake akaondoka. Debora akaniuliza kama kuna maji ya kunywa, nikaingia ndani kuwaletea.